Usiruhusu mtu akuchomee maandishi ndani ya video ya bibi

Mkuu, hiyo flashi usiipeleke popote kwanza. Umesema una video za bibi akisimulia kwa Kinyakyusa, unataka wanao wasome Kiswahili chini ya picha kwenye deki ya sebuleni, umeuliza programu gani nzuri na herufi za njano zinawekwaje, halafu ukamalizia kwamba kuna fundi amekuambia "tutayachoma humo humo, hayatakusumbua tena". Hapo ndipo roho imeniruka.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Video ilikuwa ya baba mkubwa akitaja ukoo wetu, nani kamzaa nani, kwa Kinyakyusa cha ndani ambacho hata mama anakifuata kwa shida. Fundi akayachoma maandishi, akanirudishia faili moja, ile ya mwanzo kaifuta eti inajaza nafasi. Kwenye simu nako haikuwepo, maana yeye mwenyewe alishanihakikishia kwamba ikishaunganishwa, ya zamani haina kazi. Tumekaa tunaangalia na shangazi, mara akashtuka: mke mkubwa wa babu ameandikwa kuwa dada yake! Neno moja tu la tafsiri. Nikarudi kwa fundi alirekebishe, ananiambia haiwezekani.

Na kweli haiwezekani. Maandishi yakichomwa yanakuwa picha. Programu inaiunda video upya fremu kwa fremu, na kilichokuwa nyuma ya herufi kinapotea moja kwa moja. Juu ya hapo video inabanwa mara ya pili, ndiyo maana uso wa mzee sasa una vimraba kila akigeuka. Baba mkubwa ameshafariki, hakuna wa kumrekodi tena. Mtu anayepokea hela kushika kumbukumbu za familia za watu alipaswa kuniambia haya kabla hajagusa kitu, si baada ya kufuta. Hadi leo nikipita pale nageuza uso.

Kwa hiyo shika hili: video usiiguse, maandishi yakae kwenye faili lake. Linaitwa SRT, na Notepad ya kompyuta inatosha kuliandika. Namba, muda, maneno, kisha mstari mtupu:

1
00:00:05,000 --> 00:00:08,500
Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa.

Kabla ya zile sifuri tatu ni mkato, si nukta. Ukimaliza, lipe jina lile lile la video, bibi1.mp4 na bibi1.srt, yote kwenye folda moja ndani ya flashi. Deki na TV nyingi zinazocheza video za flashi zinaliona faili hilo zenyewe, au unabonyeza SUBTITLE kwenye rimoti. Shangazi akisema mmekosea, unafungua Notepad, unabadilisha neno, basi. Kesho ukitaka na la Kiingereza kwa walioko nje, unaandika jingine, na bibi anabaki alivyo.

Usiandikie kwenye Word. Ile alama ya ng' inapindishwa, na deki za zamani zinakuonyesha "ngâ€™ombe". Pia ukiyafungulia maandishi kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, yakaonekana vizuri, usidhani yameingia kwenye video; VLC inayaonyesha tu, haijabadilisha faili.

Kama deki yako ni ya zamani inayotaka video za aina ya AVI tu, badilisha NAKALA iwe AVI, na SRT iende nayo kwa jina lile lile. Wakisema lazima wachome, wachome nakala, na hata hiyo usiwape mpaka ya mwanzo iwe imelala sehemu mbili tofauti.

Leo hii nakili hizo video kwenye kompyuta na kwenye flashi nyingine, kisha rudi hapa utuambie ni MP4 au 3GP na deki yako ni modeli gani.