Mkopo wa mwaka 1 kwa shamba la mteremko: usisaini bado

Ndugu yangu, umeuliza kama uweke hati ya shamba rehani upate mkopo wa mwaka 1, uchimbe matuta na kupanda parachichi mlimani. Nakusihi, subiri kwanza. Miche iliyobebeshwa (iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine) huanza kuzaa mwaka wa 3 hivi. Marejesho utayatoa wapi kabla ya hapo?

Matuta yenyewe hayahitaji mkopo mkubwa. Funga miti 3 kwa umbo la herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote 2 iko usawa mmoja. Piga vigingi, songa mbele. Ukishapata mstari, chimba mtaro na utupe udongo upande wa juu. Mvua zikinyesha, udongo unaoteremka utajikusanya nyuma ya tuta, na shamba litajitengeneza ngazi taratibu. Juu ya tuta panda majani ya tembo: yanashika udongo na ng'ombe anakula. Anza na mistari ya juu kabisa, maana maji yakishapata kasi huko, ya chini yote yatabomoka.

Ukikopa, kopa kidogo kwa ajili ya maharage au viazi vya katikati ya miche, ulipe ukivuna. Na uliza riba inahesabiwaje. Asilimia 10 ya mkopo wote, huku ukirejesha kila mwezi, ni karibu mara 2 ya asilimia 10 ya deni lililobaki. Jibu hilo liandikwe kwenye mkataba.