Jibu: Je, Timeless Child imeiharibu Doctor Who?
Salama mkuu. Unasema tangu Machi 2020, tamthilia ya Doctor Who ilipofichua, katika simulizi ya Timeless Child, kwamba Doctor, mhusika mkuu, si mzaliwa wa sayari ya Gallifrey bali ni mtoto aliyeokotwa na mtafiti Tecteun, unaona historia yote imefutwa. Kabla hujaisusa, tazama kwanza hadithi ya The Brain of Morbius ya 1976: Doctor hubadilika sura, na kwenye ile vita ya akili zinapita sura zake za zamani, nane kati yake baada ya ile ya Hartnell, mwigizaji aliyedaiwa kuwa Doctor wa kwanza. Chibnall, mwandishi wa Timeless Child, alifukua tu kilichokuwepo. Halafu, tamthilia ilianza 1963 na Time Lords, jamii anayotoka Doctor, wakatajwa 1969. Miaka yote hiyo watu walimfuata mgeni wasiyejua katokea wapi, na utamu ulikuwa hapohapo. Ila uwasilishaji sikutetei: Master, adui wa Doctor, anahadithia weee, Doctor kasimama anasikiliza. Walituchosha.