Maswali yenu: majina ya ukoo ya Kiromania

Gheorghe Hagi, yule mwanasoka wa zamani, ni Mwislamu? Jina naliona kama Haji. (Msomaji, Tanga)

Jina ni lilelile, dini siyo. Lilitoka Kiarabu likapitia Kituruki, maana Waosmani walizitawala nchi za Balkani kwa karne nyingi. Huko hata Mkristo wa Kiorthodoksi aliyekwenda kuhiji Yerusalemu alirudi akiitwa hagi, na watoto wakairithi sifa hiyo hadi ikawa jina la ukoo. Kituruki kimo kwenye majina mengi ya Waromania. Ceaușescu, jina la rais aliyepinduliwa 1989, limejengwa juu ya ceauș, cheo cha Kituruki. Waliosikia habari za askari wa Wajerumani hapa Tanganyika watalitambua: ndiye shaushi, yaani sajini. Cheo hicho kilifika kwetu na askari wa Kisudani.

Na hiyo -escu?

Ni “wa”. Ionescu ni wa Ion, yaani Yohana. Popescu ni wa padri, na msishangae: mapadri wa Kiorthodoksi huoa. Mke na mume hutumia umbo lilelile la jina, si kama Warusi.

Shemeji yangu ni Ungureanu. Basi asili yao Hungaria?

Si lazima. Mara nyingi aliyeitwa hivyo alikuwa Mromania aliyevuka milima ya Karpati kutoka Transilvania, sehemu ya Romania ya leo iliyokuwa chini ya taji la Hungaria. Wenyeji walimtaja kwa alikotoka.

Nataka kufuatilia ukoo wa bibi yangu Mromania. Nianze na nini?

Anza na kijiji, jina baadaye. Sheria ya kuyafanya majina ya ukoo yawe ya kudumu katika Ufalme wa Romania ni ya 1895. Kabla yake mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa jina la baba kwenye kitabu cha ubatizo, na kwa kazi yake kwenye hati ya shamba: Olaru mfinyanzi, Moraru msaga nafaka. Ukirudi nyuma ya miaka ya 1860 utakuta maandishi ya Kisirili, yaani herufi kama za Kirusi. Kama kijiji kiko Transilvania, Ion wako huenda kaandikwa János kwa Kihungaria. Rudisha pia alama za herufi zilizoachwa jina liliposafiri ng'ambo, kwani s na ș ni herufi mbili.

Ukikuta Amariei au Ailenei, elekea eneo la Moldova, upande wa mashariki wa Romania, na umtafute mama badala ya baba: wa Maria, wa Ileana.