Angalau 8 kati ya 20: toa 7, usitoe 8

Fomula yako ya Excel ni nzuri, ila namba moja tu imekuponza. Umeuliza uwezekano wa mtu anayebahatisha kupata angalau majibu 8 sahihi kati ya maswali 20, kila swali likiwa na chaguo 4, nawe ukaandika:

=1-BINOM.DIST(8,20,0.25,TRUE)

Hapo unapata 0.0409. TRUE inajumlisha kuanzia 0 hadi 8, na 8 yenyewe ikiwemo. Kwa hiyo ukitoa kwenye 1 unabaki na 9 kwenda juu, yaani 8 umeitupa nje wakati ndiyo uliyoitaka. Weka 7:

=1-BINOM.DIST(7,20,0.25,TRUE)

Sasa inakuja 0.1018, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza! Ukitaka kuhakikisha, ondoa 1- ya mwanzo, badilisha TRUE iwe FALSE na uweke 8: utapata 0.0609, uwezekano wa 8 kamili, na ndiyo tofauti ya majibu hayo mawili.

Kwenye Excel 2013 na matoleo ya baadaye kuna njia ninayoipenda zaidi kwa sababu haikulazimishi kutoa chochote:

=BINOM.DIST.RANGE(20,0.25,8,20)

Angalia mpangilio umebadilika, idadi ya majaribio ndiyo inatangulia. Lahajedwali ikikataa mkato, jaribu nukta mkato. Inategemea mipangilio ya eneo (region) ya kompyuta. Na haya yote yanasimama tu kama kila swali linabahatishwa peke yake, bila jibu moja kuathiri lingine.