Kwa Nini Tamthilia Hazituachii?

SWALI: Mhariri, kila jioni naapa kuzima televisheni tamthilia inapoanza, lakini hujikuta nimekaa hadi mwisho. Watungaji hutunasa kwa mbinu gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mbinu kubwa ni kukata kisa pale pale roho zinapokuwa juu: mlango unagongwa, mama anaufungua, kamera inausogelea uso wake uliopigwa na butwaa, kisha majina ya waigizaji yanaanza kupita kabla hatujamwona mgeni. Katika Dallas, tamthilia ya Marekani, mhusika J.R. Ewing alipigwa risasi Machi 1980, na aliyempiga akafichwa hadi Novemba, ambapo Wamarekani zaidi ya milioni 80 walitazama ili wamjue.

Hata hivyo, taharuki peke yake huchosha. Ndiyo maana visa kadhaa husukwa pamoja, kimoja kikielekea kuisha kingine kimeshakolea. Tena wahusika huzeeka pamoja nasi. Coronation Street ya Uingereza inaonyeshwa tangu 1960. Na aliyekosa wiki nzima hapotei, kwa kuwa wahusika husimuliana upya yaliyopita, jambo ambalo, nakiri, huniudhi.