Usitupe albamu, na usianze na kurasa: anza na nakala mama

Mkuu, simama hapo hapo kwanza. Umeuliza uanze na programu gani kutengeneza albamu ya kidijitali ya picha za familia, rangi gani zinafaa nyuma ya picha, na picha ngapi ziwekwe kwenye ukurasa mmoja. Lakini katikati ya maswali hayo umepitisha jambo kama vile halina uzito: picha za zamani utazipiga kwa simu, ndugu watakurushia zao kwenye grupu la WhatsApp, na ukishamaliza kurasa utazitupa albamu zenyewe kwa kuwa zina ukungu na zinakula nafasi. Mimi najibu hilo. Rangi zitasubiri.

Usitupe kitu. Na usitengeneze hata ukurasa mmoja kabla kila picha haijawa na nakala mama. Nakala mama ni faili la kwanza kabisa lililotoka kwenye skana au kamera, kwa ukubwa wake wote. Halikatwi, halinolewi, halipakwi rangi, halibandikwi maneno. Linakaa kwenye folda yake peke yake. Ukitaka kufanya kazi unatoa kopi, unaiharibu kopi utakavyo, mama anabaki mzima. Kila hasara kubwa ninayoijua kwenye kazi hii inaanzia pale mtu alipofanyia kazi faili pekee alilokuwa nalo.

Tuanze na WhatsApp, maana huko ndiko utakakoumia mapema zaidi. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyoiunda, inabanwa upya, na taarifa zilizokuwa ndani ya faili, kama tarehe ya kupigwa na mahali, zinaondolewa. Kuchagua HD kunapunguza hasara, hakuiondoi. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Tuseme imekufikia na pikseli 1600 kwa 1200. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti yoyote, na hapo ndipo watu wanaponasa. Sasa chukua picha ya ukoo mzima, watu wamejipanga safu tatu, kila uso umechukua sehemu ya thelathini ya upana. Uso huo una pikseli 53 tu. Kwa pikseli 53 huwezi kujua kama bibi alivaa hereni, wala kama yule mtoto wa pembeni alikuwa anacheka au analia. Na hakuna programu itakayokurudishia. Hizi zinazodai kukuza picha kwa akili bandia zinakisia uso. Zinakuchorea mtu anayefanana na bibi, halafu wajukuu watakua wakiamini ndiye.

Kwa hiyo waambie ndugu watume kama dokumenti, siyo kama picha. Pale pale kwenye kitufe cha kuambatisha, wachague dokumenti kisha watafute picha kwenye mafaili yao. Faili litafika lilivyo, na tarehe yake ndani. Au waziweke kwenye folda ya pamoja mtandaoni. Na wakishatuma wasifute zao.

Jambo la pili, ambalo linanikera kuliko yote, ni hao wanaofundisha kazi hii kwa kuanza na stika, fonti na vivuli, halafu ukiwauliza ubora wa picha wanakujibu, "nenda kwenye sifa za picha, badilisha 72 iwe 300." Huo ni upotoshaji. Namba ya dpi iliyoandikwa ndani ya faili ni maelekezo tu kwa mashine ya kuchapa kwamba pikseli zipangwe ngapi katika kila inchi. Haiongezi hata pikseli moja. Picha ya pikseli 1080 kwa 720 ukiiandikia 300 itachapwa vizuri kwa inchi 3.6 kwa 2.4, basi. Ukiivuta ijaze ukurasa wa inchi 12, kila inchi inabaki na pikseli 90, na nyuso zinaonekana kama vigae. Programu nyingine zikibadilisha namba hiyo zinajaza pikseli za kubuni katikati, faili linanenepa, undani hauongezeki. Mtu anatumia miezi kupanga albamu nzima kwa ushauri wa namna hiyo na anagundua siku kitabu kinapotoka kuchapwa. Wanaofundisha hivyo hawaharibikiwi kitu, picha siyo za kwao.

Hesabu ya kweli ni rahisi: inchi mara dpi unapata pikseli. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa 300 dpi inatoa pikseli 1200 kwa 1800, yaani inatosha kuchapwa kwa ukubwa ule ule iliokuwa nao, ukitaka kukuza umekwama. Kwa 600 dpi inatoa 2400 kwa 3600, unaweza kuikuza mara mbili. Ndiyo maana picha za kawaida nasema 600. Vile vipicha vidogo vya vitambulisho, na zile zenye ukingo mweupe pembeni na upana wa inchi 2, panda hadi 1200. Negativu na slaidi za milimita 35 ni ndogo mno, hizo zinataka skana yenye taa ya kupitisha mwanga na kati ya 2400 na 4000 dpi. Usipande juu ya uwezo halisi wa skana yenyewe. Ule ukubwa wa ajabu ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni pikseli za kubuni zile zile.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu ile hudhurungi, madoa ya njano na wino wa mhuri ni sehemu ya picha, na rangi hizo zinasaidia sana baadaye unapotaka kuondoa doa kwenye kopi. Zima marekebisho yote ya kujiendesha: kunoa, kuondoa vumbi, kurudisha rangi. Kuondoa vumbi kunafuta nukta ndogo bila kujua ipi ni vumbi na ipi ni kipini cha puani. Kunoa kunaacha mstari mweupe kuzunguka mabega na nywele, na ukishaingia kwenye nakala mama hautoki.

Kioo cha skana kifute kwa kitambaa laini kikavu. Kama kuna alama za vidole, lowesha kitambaa kidogo, usinyunyizie maji kwenye kioo maana yanapenya pembeni na kuacha ukungu upande wa chini. Picha ipulizie vumbi kwa kipulizio cha mkono, usiifute kwa kitambaa chenye maji. Uso wa picha una gelatini, ikilowa inalainika na kutoka na sura za watu.

Kisha geuza picha uskani mgongo wake. Huu ni mgongo wenye jina, mwaka, mhuri wa studio, pengine ujumbe mzima kwa penseli. Watu wanauruka kwa haraka, halafu wanakaa kubishana kwenye grupu huyu wa kushoto ni nani wakati jibu limeandikwa nyuma.

Hifadhi nakala mama kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa undani. Faili la pikseli 2400 kwa 3600 ni kama MB 26, kwa hiyo picha 1000 ni kama GB 26, zinaingia kwenye flashi ya GB 64 na nafasi inabaki. Kama skana yako inatoa JPEG tu, weka ubora wa juu kabisa na usiihifadhi upya kamwe. JPEG haichakai kwa kufunguliwa wala kukopiwa. Inachakaa pale unapoihariri na kubonyeza kuhifadhi, kwa sababu inabanwa tena upya na kila mara undani fulani unatupwa. Ukiwa unakata kidogo leo, unapunguza giza kesho, unaandika jina keshokutwa, na kila mara unahifadhi juu ya faili lile lile, baada ya muda kuta na mashavu yanajaa vijisanduku. Hata kuzungusha picha iliyolala, kwenye baadhi ya programu, ni kuihifadhi upya.

Kama huna skana kabisa, simu inafaa, ila siyo kwa kushika juu juu sebuleni. Weka picha mezani karibu na dirisha, mwanga wa kivuli na siyo jua la moja kwa moja, zima flashi ya kamera, na simu iwe sambamba na meza kabisa. Ikiinama kidogo, upande mmoja wa picha unakuwa mpana kuliko mwingine. Usisogee karibu mno, lenzi inapindisha kingo. Rudi nyuma kidogo kisha ukate kwenye kopi. Kama kuna mng'ao, hamisha picha, usihamishe pembe ya simu. Hii pia ni njia ya kuokoa zile ambazo mwenye nazo hataki ziondoke nyumbani kwake.

Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, usivute picha kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kona, uusukume taratibu kulia na kushoto kama msumeno hadi utokee upande wa pili. Ikigoma, iache, skani ukurasa mzima ulivyo. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu nayo skani na kioo chake. Zenye ukungu zitenge na nyingine, zikaushe mahali penye hewa, vaa barakoa na glavu, na ukungu ukishakauka kabisa ndipo uuondoe kwa brashi laini. Ukiusugua ukiwa mbichi unaupaka picha nzima.

Majina ya mafaili: mwaka mbele, mwezi, siku, tukio, namba, mbele au mgongo. Mfano 1974-08-00_harusi_012_mbele. Siku usiyoijua weka 00, usibuni. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe. Halafu kuna tarehe ya ndani ya faili: skana inaandika siku uliyoskani, kwa hiyo harusi ya 1974 itajitokeza katikati ya picha za wiki hii. Isahihishe kwa digiKam au ExifTool, programu za bure za kazi hiyo, mara moja, na hapo hapo andika majina ya waliomo kwenye sehemu ya maelezo. Ukimaliza, ifunge folda iwe ya kusoma tu. Kusahihisha tarehe na kuandika majina ndiyo mambo pekee ninayoyaruhusu kufanyika kwenye nakala mama.

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Hard diski mbili kwenye droo moja ni sawa na moja, maji au mwizi atazichukua zote. Hifadhi ya mtandaoni tumia, ila isiwe peke yake. Picasa, programu ya picha ya Google, iliachwa 2016, na Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo bure Juni 2021, tena zile za bure zilikuwa zinapunguzwa kila zilipozidi megapikseli 16. Angalia pia jambo hili: folda inayojisawazisha kati ya simu na mtandao siyo nakala rudufu. Ukifuta huku, inafuta na kule.

Programu, basi. GIMP ni ya bure na inatosha. Ninaipenda kwa kitu kimoja: ukibonyeza kuhifadhi inatengeneza faili lake la XCF lenye matabaka yote, yaani picha, maneno na mapambo kila kimoja peke yake, JPEG unaitoa kwa amri nyingine, kwa hiyo ni vigumu kuandika juu ya picha ya asili kwa bahati mbaya. Ila ipo amri ya kuandika juu ya faili la awali kwenye menyu hiyo hiyo, usiiguse. Tengeneza ukurasa ukiwa na ukubwa wa mwisho tangu mwanzo. Inchi 12 kwa 12 kwa 300 dpi ni pikseli 3600 kwa 3600. Tunza faili lenye matabaka, maana siku shangazi akikuambia umekosea jina, unarekebisha neno moja badala ya kuanza upya. Programu za simu zenye templeti za bure, kabla hujaweka chochote toa ukurasa mtupu uangalie ukubwa wake. Ukikuta pikseli 1080 kwa 1080, huo ni ukurasa wa inchi 3.6 ukichapwa. Acha.

Ukichapa, muulize mchapaji kingo za kukatwa kabla hujapanga, mara nyingi ni milimita 3 kila upande, na usiweke uso wa mtu kwenye mkunjo wa katikati.

Albamu za karatasi ukishaziskani, picha ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki isiyo ya PVC, ndani ya boksi, mahali pakavu pasipo na joto, mbali na jikoni na bafu. Nyuma andika kwa penseli laini, kalamu inatokeza mbele. Na ule ujumbe wa kuwaambia ndugu watume kama dokumenti, uutume kwenye grupu leo, kabla mtu hajafuta za kwake akidhani zimeshafika.