Tawi la mwembe kwenye kiazi? Usijisumbue

Dada uliyeuliza kama tawi la mwembe likichomekwa kwenye kiazi linatoa mizizi kama zile video zinavyoonyesha: wanakudanganya. Tawi linaweza hata kuchipua majani kwa akiba iliyomo ndani yake, halafu linakauka. Kiazi nacho kinaoza. Mwembe na mparachichi hubebeshwa: otesha kokwa, mche ukishika unene wa penseli unaunga kikonyo, yaani kijitawi cha mti unaozaa vizuri.

Ukitaka mti wa kuchomeka tawi, anza na mkomamanga, mtini, mforosadi au mzabibu. Dodoma zabibu wanazipanda kwa pingili hivyo hivyo. Kata tawi lililokomaa, si lile laini la kijani, sentimita 20 hivi, lenye macho manne, yaani pale panapotoka chipukizi. Chini kata sawa, karibu kabisa na kifundo; juu kata mshazari, usije ukalipanda kichwa chini. Fukia macho mawili kwenye mchanga na udongo, weka kivulini. Unyevu uwepo ila maji yasituame. Na tafadhali, usiling'oe kila asubuhi kuchungulia mizizi! Likichipua pia usiharakishe kulihamisha, majani hutangulia mizizi.